Usingizi wa Pili wa Cucu Rwamba

Mtu aliyelala na mtu ambaye dawa ya maumivu inamzima hufanana sana. Wote wawili wamefumba macho na wametulia, na jamaa zao wamesimama kando ya kitanda wakinong'ona, "Asante Mungu, amepata usingizi." Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, kwanza Meru, kisha Embu. Kama ningeruhusiwa kuwaachia nyinyi mnaoingia wodini jambo moja tu, ningewaachia hilo. Lakini mimi sijawahi kusema jambo moja tu, kwa hiyo mtanivumilia.

Neno hilo "lakini" ndilo lililonipa jina. Nilihitimu nikiwa kijana mwoga. Damu haikunisumbua hata kidogo. Nilichoogopa ni kukosea. Nikishampa mgonjwa dawa, narudi kusoma chupa. Nikishasoma chupa, narudi kumtazama mgonjwa. Nikishamtazama, chupa inaniita tena. Mkuu wa wodi akisema, "Huyu aende nyumbani," mimi nasema, "Ndiyo, lakini..." Basi wakanibandika jina: Bwana Lakini. Nilipohamishiwa Embu nilikuta limenitangulia, na Waembu wakaongeza utani wao. "Tumeletewa Mmeru asiye na hasira," walisema. "Sasa huyo ni Mmeru wa nini?"

Nawaeleza haya kwa sababu najua baadhi yenu mko vile. Nimewaona mkija kujifunza, mnasoma chupa mara tatu. Msijichukie. Hofu ni kama mbwa wa nyumbani: ukimfungulia atauma wageni, ukimfukuza wezi wataingia. Mfunge pale mlangoni, abweke.

Sasa niwaambie nilivyokutana mara ya kwanza na ile dawa inayoamsha watu, naloksoni. Kazi yake ni kuifukuza mofini na ndugu zake mwilini pale zinapomzidi mtu hadi anasahau kupumua. Nilikuwa Meru, wodi ya upasuaji, na mgonjwa wetu alikuwa Mzee Salim, mchinjaji aliyekuwa na bucha yake upande wa Kinoru. Mtu mkubwa, mwenye mzaha, aliyewapimia wauguzi nyama kwa ukarimu. Alikuwa amepasuliwa ngiri. Akapigwa sindano ya mofini kwa maumivu, na mwili wake ukaipokea kwa nguvu kuliko tulivyotarajia. Tulipomkuta, midomo ilikuwa na rangi ya zambarau, mboni za macho zimekuwa nukta, na anavuta pumzi kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu: moja, halafu unasubiri, unasubiri, halafu nyingine.

Daktari kijana aliyekuwa zamu alivunja kichupa cha naloksoni, akaivuta yote na kuisukuma yote mara moja.

Mzee Salim hakuamka, alifufuka. Aliketi wima, akang'oa dripu, akashika tumbo lake lililoshonwa na kupiga yowe lililosikika mpaka kwa wauza ndizi nje ya lango.

"Nani huyu ananichinja nikiwa macho?" alipiga kelele. "Mimi hata mbuzi humwambia bismillahi kwanza!"

Kisha akatapika, na yote yakatua kwenye viatu vyangu vipya.

Tulicheka, siwezi kuwadanganya. Tulicheka kwa sababu tulikuwa tumeogopa. Lakini mkuu wetu, Sista Kanyua, hakucheka. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ndogo, na alipotaka kukugombeza sauti yake ilizidi kuwa ndogo, mpaka ukalazimika kuinama ili ugombezwe vizuri.

"Mmemrudishia pumzi," alisema, "na mmemrudishia maumivu yake yote kwa mpigo mmoja. Dawa hii huchanganywa na maji ya dripu na kupewa kidogo kidogo. Unatoa kidogo, unatazama kifua. Akianza kupumua vizuri, unaacha, hata kama bado anasinzia. Tunatafuta pumzi hapa. Hatutafuti mtu wa kupiga naye soga."

Mzee Salim akatulizwa, akafutwa, akalala chali akinung'unika kuhusu wanafunzi na visu. Wodi ikarudi kwenye shughuli zake. Ni Sista Kanyua pekee aliyevuta kiti na kuketi kando yake, mkono wake umelala juu ya blanketi, chini kidogo ya mbavu.

"Sista, si ameshaamka?" nikamwuliza.

"Naloksoni ni mgeni," alisema bila kunitazama. "Mofini ni mwenyeji. Mgeni amekuja kwa kelele, mwenyeji amenyamaza kwa heshima. Lakini mgeni hakai. Ataondoka, na mwenyeji bado yumo ndani ya nyumba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kabla chai ya saa nne haijaletwa, mchinjaji alianza kukoroma kwa utamu, halafu kukoroma kukapungua, halafu kimya. Watu waliopita waliona mzee amelala. Sista Kanyua aliona kifua kinachosahau. Akamvuta sikio, "Salim! Vuta pumzi!" Akavuta. Tukampa tena kidogo, tukamlinda hadi mwenyeji naye akachoka akaenda zake. Alipotoka hospitalini alituletea maini, akasema sikio lake la kushoto limekuwa refu kuliko la kulia.

Huo ndio ninaouita usingizi wa pili. Wa kwanza huwatia watu wote mbio, lakini wa pili huwakuta wameshamaliza kushangilia.

Sasa niruke miaka mingi, nifike Embu, karibu na mwisho wa kazi yangu. Mambo yalikuwa yamebadilika. Kulikuwa na kile kifaa cha kubana kidole kinachoonyesha oksijeni ya damu, na vijana walikitazama kama watu wanavyotazama matokeo ya mpira. Ni kifaa kizuri. Lakini mgonjwa akiwa amewekewa oksijeni puani, namba inaweza kukaa nzuri kwa muda huku pumzi zinapungua. Kidole kitakudanganya kwa upole. Kifua hakidanganyi.

Alasiri moja, saa ya kutembelea wagonjwa, walikuja watu wa Kibugu, kule juu chai inakopakana na msitu. Walimbeba mama mzee ndani ya blanketi la kijani. Cucu Rwamba, cucu ndivyo tunavyowaita akina nyanya huku. Tulimjua. Alikuwa na saratani iliyokuwa imefika mifupani, na alikuwa akichukua mofini ya maji kwetu, ile ya kichupa inayopimwa kwa bomba dogo na kunywewa. Alikuwa mjane, na alitunzwa na wake za wanawe watatu. Mkubwa, Wanjira, ndiye aliyekuwa msemaji. Mdogo, Marigu, alikuwa ameolewa miaka mitatu tu iliyopita, na alisimama nyuma ya wenzake akikunja na kukunjua pembe ya leso.

Muuguzi aliyekuwa nami aliitwa Gatwiri, msichana wa Meru aliyehitimu karibuni, mwepesi wa mikono na wa miguu. Alimtazama Cucu machoni, mboni zilikuwa nukta. Akamwita, akamsugua mfupa wa kifua. Hakuna jibu. Nikaweka mkono juu ya blanketi nikahesabu dakika nzima, nikapata pumzi tano.

Tulimwinua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, tukampulizia hewa kwa mfuko na barakoa, daktari akaitwa, naloksoni ikachanganywa. Gatwiri alikuwa na haraka, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Lakini nilimshika kiwiko. "Kidogo," nilimwambia. "Huyu mifupa inamla. Tukiifukuza mofini yote, tutamwamshia motoni."

Tukampa kidogo, tukatazama. Tukampa kidogo tena. Kifua kikakumbuka kazi yake. Rangi ikarudi midomoni. Akafumbua macho nusu, akalia kwa sauti ya chini, kwa sababu hata kwa uangalifu wote huo maumivu yalikuwa yameingia mlangoni pamoja na pumzi. Wanjira akaanza kuomba kwa sauti, wenzake wakaitikia, na wodi nzima ikasema amina, pamoja na mama mmoja wa kitanda cha mbali ambaye hata hakuwa ameona lililotokea.

Ikabaki swali: ilikuwaje? Daktari aliuliza kama mtu yeyote angeuliza. "Nani alimzidishia dawa?"

Wanawake watatu wakatazama sakafu. Wanjira akasema, "Daktari, sisi tunafuata vile tuliambiwa. Hakuna mtu amezidisha." Na nilimwamini. Hilo ndilo lililonisumbua. Ningeona uongo usoni mwake ningetulia, lakini niliona ukweli, na mama alikuwa amezidiwa.

Nikaanza ugonjwa wangu wa kuwaza. Labda figo zimechoka, mama hanywi maji ya kutosha, mofini inajikusanya mwilini. Hiyo ilikuwa kweli kiasi. Ngozi yake ilikuwa kavu. Lakini haikutosha. Nikawaza nyumba yenyewe. Huku kwetu mgonjwa hatazamwi kwa macho tu. Ukiingia kwa mama mkwe anayeumwa, huwezi kutoka bila kumtia kitu mdomoni kwa mkono wako, hata kijiko kimoja cha uji. Mke wa mwana anayetoka bila kulisha, habari zake zitafika kwao kabla yake.

Nikavuta kiti nikaketi, nikawauliza vingine. "Leo nani amemlisha mama?"

"Mimi," akasema Wanjira.

"Na mimi," akasema wa pili.

"Hata mimi," akasema Marigu, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kuachwa nje.

"Mlimlisha nini?"

"Uji," akasema Wanjira. "Lakini uji haukushuka, akautema. Alikuwa analia na mgongo. Kitu alikuwa anakubali ni ile dawa tu. Basi nikampa dawa yake."

Wa pili akageuka kumtazama. "Ulimpa wewe? Mimi nilipotoka kukama nilimkuta analia, nikampa."

Marigu akafunika mdomo kwa leso. "Mimi nilimpa nikitoka kuchuma chai. Nilidhani mmeenda shambani bila..."

Sitasahau nyuso zile. Kila mmoja alikuwa amepima sawasawa, kwa bomba, mpaka kwenye mstari. Mikono mitatu ilikuwa imepima kwa usahihi na kwa upendo, ikamzamisha mama mmoja. Wanjira aliketi chini, pale pale sakafuni, akasema, "Tumemwua mama tukimlisha."

"Hajafa," nikamwambia. "Inuka, mama. Hajafa."

Nawaomba mkumbuke lile swali. Ukiuliza nani amekosea, hakuna aliyekosea. Ukiuliza nani amependa, wote watainua mkono.

Cucu alikuwa amesikia. Wagonjwa husikia zaidi ya tunavyodhani. Alifungua jicho moja, akawatazama wale watatu, na kwa sauti iliyokwaruza akasema, "Mnalia nini? Mimi siendi. Bado sijachuma chai ya huyu mdogo."

Marigu akanieleza. Alipoolewa, Cucu alikuwa amemgawia kipande cha shamba karibu na mto, na Marigu akapanda miche ya chai. Sasa majani ya kwanza yalikuwa karibu kuchumwa, na mama mkwe alikuwa ameapa kwamba yeye ndiye atakayechuma wa kwanza, majani mawili na chipukizi.

Baada ya hapo maumivu yakapungua kidogo kidogo. Uso wa Cucu ukalegea. Akalala.

Wodi ikapumua. Gatwiri akatazama kile kifaa cha kidole, namba ilikuwa nzuri, akasema, "Amelala vizuri sasa," akaenda kwa mgonjwa mwingine. Daktari akaitwa kwingine. Wanjira akamvutia mama mkwe wake blanketi mpaka kidevuni, akampapasa shavu. Mimi nikavuta kiti nikaweka mkono wangu chini ya mbavu.

"Daktari," akasema Wanjira. Wananchi humwita kila mwanamume mwenye koti jeupe daktari; nilichoka kuwasahihisha. "Mwache sasa apumzike."

"Nitamwacha. Nahesabu tu."

Nikahesabu. Pumzi kumi na mbili. Nikangoja, nikahesabu tena. Tisa. Nikamgusa bega. "Cucu! Vuta pumzi." Akafanya uso mbaya, akavuta.

"Ai, daktari, si umwache?" Sasa sauti ya Wanjira ilikuwa imepanda. "Huoni amepata usingizi? Juma zima hakulala huyu. Tangu mlipomwamsha ameonja uchungu tu. Wewe Mmeru, kama hujui kupumzika, wacha wenye kujua wapumzike!"

Watu wa vitanda vya jirani wakageuka. Mmoja akacheka.

"Dawa tuliyompa itaisha," nilisema. "Ile mliyompa nyinyi bado imo. Huu usingizi si wake."

"Na kama ni wake?" Aliinama akasema polepole, na hiyo polepole iliniumiza zaidi. "Daktari, mimi na wewe ni watu wazima. Saratani hairudi nyuma. Kama Mungu amemletea usingizi mzuri hivi, bila kulia, sisi ni nani wa kumsumbua? Ukimwamsha, unamwamshia nini?"

Hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu hili halimo kwenye vitabu vyenu vya wodi. Nilikuwa nimekaa na mkono juu ya blanketi la mwanamke ambaye kweli angekufa, kama si mwezi huu basi mwingine, na ningeweza kuuinua mkono wangu tu. Hakuna ambaye angenilaumu. Angekwenda kwa upole. Nikawaza: lakini. Lakini nani ameuchagua usingizi huu? Si yeye. Si Mungu pia, kama naweza kusema hivyo bila kutukana. Umechaguliwa na mikono mitatu ambayo haikujuana. Na mwenyewe, alipofungua mdomo mara moja tu alasiri ile, hakusema nimechoka. Alisema chai.

"Namwamshia chai ya Marigu," nikasema.

Wanjira akanikazia macho. Nikadhani atanipiga, na kwa kweli ningemwelewa. Pumzi zilikuwa saba. Nikamwita Gatwiri, na yule msichana, Mungu ambariki, hakuuliza maswali. Alitupa jicho moja kifuani, akaleta bomba la sindano lililokuwa limeandaliwa. Tukampa tena kidogo kwa kidogo, tukamweka kwenye dripu ya naloksoni inayodondoka taratibu, kama daktari alivyoagiza.

Lakini mkono mmoja hautoshi alasiri nzima, na wodi ilikuwa imejaa. Nikamwambia Wanjira, "Njoo hapa. Keti."

"Mimi?"

"Wewe. Weka mkono hapa. Usibonyeze. Unasikia ukipanda? Hiyo ni moja. Ukishuka, ngoja. Ukipanda tena, ni mbili. Mshale huu wa sekunde ukizunguka mara moja, niambie umefika ngapi. Ukipata chini ya kumi, mwite yeye kwanza, halafu uniite mimi. Kwa sauti."

"Mkono huu ndio ulimpa dawa."

"Basi ndio unajua njia."

Alikaa. Alihesabu kwa Kiembu, midomo ikitembea. Mara ya kwanza alipopata nane alimwita mama mkwe wake kwa ukali ambao sijui kama aliwahi kuutumia kwake kabla ya siku hiyo. Cucu akafungua macho akasema, "Unanigombeza, Wanjira?" Wote wakacheka, na Wanjira akalia, na mkono haukuondoka kwenye blanketi. Walipeana zamu wote watatu. Naweza kuwaambia kwamba nimefanya kazi na mashine nyingi, lakini sijawahi kuwa na mashine iliyopiga kelele mapema kama wale wanawake wa Kibugu.

Mwenyeji akachoka, akaondoka. Cucu akabaki.

Ndipo likaja tatizo la pili, na hili huwashinda wengi zaidi ya la kwanza. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, tulimwandalia mofini tena, kiasi kidogo, muda ukiwa mrefu zaidi kati ya dawa na dawa, na maji ya kunywa kwa wingi. Wanjira akakataa kuipokea ile chupa. Aliweka mikono nyuma kama mtoto.

"Hiyo sumu haiingii kwangu tena."

"Bila hiyo atalia."

"Alie. Mtu anayelia anapumua."

Gatwiri alitaka kumweleza sayansi. Nilimkanyaga mguu, polepole. Niligeuka kwa mwenye mwili. "Cucu, wewe unasemaje?"

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, kitambaa kichwani, tayari kwa safari. Aliwatazama wake za wanawe mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayechagua mbegu.

"Nataka dawa," akasema. "Na itolewe na mkono mmoja. Huyu wa pili atanipa uji. Huyu mdogo atanipa maji, maana hawa wazungu wa hapa wamesema ninywe maji." Wazungu wenyewe tulikuwa mimi na Gatwiri. "Dawa atanipa Wanjira."

"Mama, mimi siwezi."

"Wewe umeona ikinizidi. Hawa wengine wameambiwa tu. Nani mwingine atanipimia kwa hofu nzuri?"

Hofu nzuri. Nilikuwa nimeyatafuta maisha yangu yote maneno yale, na nikayapata kwa mama mzee kwenye kiti cha magurudumu. Wanjira akatoa mikono nyuma. Akaipokea chupa, akaifunga kwenye leso mara mbili.

Kabla sijamaliza, neno kuhusu wengine mtakaowapokea. Siku hizi hawaji wazee wa saratani peke yao. Watakuja vijana wa mjini waliomeza vidonge walivyouziwa uchochoroni, na watu watasema, mwacheni, amejitakia. Pumzi zao huhesabiwa vilevile. Ukimwamsha kijana kama huyo atakutukana, kwa sababu umemnyang'anya kitu na kumrudishia kila alichokuwa akikimbia. Mpe maji, mpe blanketi, usimhubirie akiwa anatapika. Na kaa naye, kwa sababu akikasirika atataka kuondoka, na usingizi wa pili utamkuta njiani ambako hakuna aliye na mkono juu yake.

Wanjira alikuja tena hospitalini mara moja. Ilikuwa baada ya mvua kwisha. Alikuja peke yake, amevaa vizuri, akaniita kutoka mlangoni mwa wodi, "Daktari Mmeru!" Nikatoka nikamkuta ameshika ile leso. Ndani yake mlikuwa na chupa ya mofini, dawa imebaki chini kidogo. Alikuwa ameirudisha, kama tulivyomwagiza.

Sikuhitaji kuuliza. Nilimpa pole. Nikamwuliza kama mama aliumia.

"Hapana," alisema. "Tulimbeba kwa kiti mpaka mtoni. Alichuma. Alimpigia Marigu kelele kwamba miche yake imepandwa karibu sana. Alikula hata ndizi." Akanikabidhi chupa. "Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Jumapili asubuhi ndipo akalala. Nilijua si dawa, kwa sababu dawa yake nilikuwa bado sijampa. Hakuwa ameomba."

"Ulijuaje kwamba ni wakati?"

Alinyoosha mkono wake wa kulia, kiganja chini, akaushikilia hewani kati yetu, chini kidogo ya mahali mbavu zingekuwa.

"Nilihesabu," alisema. "Nilimwita mara moja, kama ulivyosema. Akafungua macho akanitazama, akakataa kwa kichwa. Basi sikumwita tena. Nilihesabu tu, mpaka mkono ukakaa chini."